Sauti Iliyotaja Jina la Mama Mkwe

Mdomo huponza kichwa, walisema waliotutangulia, na hakuna mtoto wa Same ambaye hajachapwa na methali hiyo kabla ya kuchapwa na fimbo. Fortunata yeye aliponzwa na mdomo aliokuwa ameufumba.

Siku aliyokutana na Asheri mdomo huo ulikuwa wazi, tena ukipiga kelele pande zote za soko kwa mpigo. Ilikuwa siku ya gulio. Upepo ulikuwa umeokota vumbi lote la barabara kuu na kulimwaga juu ya nyanya, juu ya perege wakavu wa bwawa la Nyumba ya Mungu, juu ya mafungu ya mitumba. Na ndani ya vumbi hilo spika za wauzaji zilikuwa zikiita kwa sauti moja, sauti ya Fortunata. Diploma yake ya utangazaji haikumpa redio, ilimpa soko. Alirekodi matangazo kwenye kibanda chake nyuma ya stendi, wauzaji wakayarudia kutwa nzima. Watu wasiomjua sura walimjua pumzi: kabla ya kucheka alikuwa na tabia ya kuvuta hewa kidogo, kama mtu anayeonja chai ya moto.

Spika ya rafiki yake Husna, muuza mitumba, ilikuwa imekwama. "Njoo uchague, dada! Njoo uchague, dada! Njoo ucha—" Kijana mmoja alikuwa amepiga magoti mbele ya spika hiyo, bisibisi mkononi, shati la buluu limepauka mabegani kwa jua, viatu vimeganda udongo mwekundu wa milimani.

"Huyu dada wa kwenye spika," alisema bila kuinua kichwa, "ana sauti ya kumtoa nyoka shimoni. Sijui tu ana sura gani."

"Ya mbuzi," Fortunata akajibu.

"Mbuzi wa wapi?"

"Wa Lembeni. Wale wanaovuka reli bila kuangalia."

Bisibisi ikamponyoka. Asheri alitazama juu taratibu: raba nyeupe zilizoshindwa na vumbi, gauni la kitenge la manjano lenye maua meusi, kilemba cha kitambaa hicho hicho kilichofungwa kwa majivuno, na chini yake uso unaojizuia kucheka. Kisha akasikia ile pumzi.

"Mungu wangu. Ni wewe."

"Ni mimi. Funga mdomo, vumbi litaingia."

Husna alicheka mpaka akalikalia fungu lake la sweta.

Asheri alitengeneza simu na spika pale mjini, lakini kila mwisho wa juma alipanda kwao, kijiji kilichoning'inia mlimani juu ya Maore. Mwaka uliopita mnara wa simu ulikuwa umesimikwa huko, na kijiji kizima kikahamia kwenye simu: mahari ilijadiliwa kwenye simu, misiba ikatangazwa kwenye simu, wanakwaya wakagombana kwenye simu. Mapenzi ya Fortunata na Asheri nayo yakaishi humo humo. Kila asubuhi, kabla kibanda hakijafunguliwa, Fortunata alimtumia ujumbe wa sauti.

"Umeamka, tangawizi yangu?"

"Nimeamka tangu jogoo. Sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote. Soma hata bei ya vitunguu."

"Mwendawazimu wewe."

"Hiyo pia. Irudie polepole."

Akairudia. Akamsomea bei za vitunguu, akamwimbia, akamnong'oneza, akamgombeza. Hakujua kuwa hakuna ujumbe hata mmoja uliofutwa. Siku moja Asheri alimwambia, "Laiti sauti yako ingekaa nami hata ukiwa umelala," na yeye akaona ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi. Hilo ndilo lililokuja kumtisha baadaye kuliko yote.

Alipopelekwa mlimani kutambulishwa alivaa gauni refu la rangi ya zambarau na kanga mpya begani. Dorkas, dada yake Asheri, alimpokea njiani, akamvuta pembeni kwenye migomba.

"Wifi, sikiliza. Mengine utajifunza, hili ujue leo. Jina la Mama hulitaji. Si mbele yake wala nyuma yake, wala ukiota. Mke wa mwana akitaja jina la mama mkwe, ni kama amemvua nguo kwenye mfereji watu wakichota maji."

"Nikiulizwa ninakwenda kwa nani?"

"Kwa Mama Asheri. Basi."

Fortunata alilishika hilo kama mtu anavyoshika yai. Alimpenda mama yule tangu alipomwekea sahani ya makande na kusema, "Kula, mwanangu. Huko Same mnakula vumbi." Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba, alitembea kwa mkongojo, lakini alisema asubuhi bado angeshuka kwenye msaragambo. Huko milimani kijiji huitana msaragambo kusafisha mfereji na ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mashamba, na nyumba isiyotoa mtu hutazamwa vibaya. Zamani pembe ilipulizwa na watu wakateremka na majembe. Mpuliza pembe alikuwa amefariki, na siku hizi wengi walisikia wito wa mdomo wakageukia upande wa pili wa kitanda. Hayo Fortunata aliyasikia kwa Baba mdogo Eliufoo, mwenyekiti wa kamati ya ndiva, aliyelalamika mpaka makande yakapoa.

Mahari ilikuwa ipelekwe Lembeni baada ya mavuno. Ndipo Husna alipoingia kibandani asubuhi moja bila hodi, simu mkononi, uso umemparara.

"Fortu. Umefanya nini?"

"Nimefanya nini tena?"

Husna hakujibu. Alibonyeza.

Kwanza ulisikika mkwaruzo wa spika kubwa, mbwa wakibweka, mwangwi ukigonga mlima na kurudi. Kisha sauti. "Wapendwa, kesho ni msaragambo, msiniangushe. Leo nyumba moja haikutoa mtu. Eliakunda. Eliakunda hakuonekana kwenye mfereji, lakini maji anakunywa. Jasho la wenzako ni tamu, Eliakunda? Mvivu hana aibu." Halafu pumzi ndogo, kama mtu anayeonja chai ya moto. Halafu kicheko.

Fortunata aliishika meza. Eliakunda ni jina la mama yake Asheri.

Sauti ilikuwa yake. Si ya kufanana, yake. Ile "wapendwa" aliivuta hivyo hivyo; matamshi yake yalikuwa yale yale. Alijikuta akipapasa koo kama mtu aliyepapasa mfuko sokoni na kuukuta mtupu.

"Sikusema," alinong'ona.

"Ni wewe, Fortu."

"Husna, sikusema!"

"Basi nani?" Husna alirudi nyuma hatua moja, na hatua hiyo ilimuuma Fortunata kuliko swali. "Nani mwingine ana koo lako?"

Nje, kwenye vumbi, spika zilikuwa zikiendelea: njoo uchague, dada. Kwa mara ya kwanza alisikia alivyokuwa amejitawanya. Yuko kwenye mitumba, yuko kwenye sabuni, yuko kwenye dawa ya mende. Yeyote angeweza kumwokota.

Simu ya Asheri iliingia mchana. Aliiangalia ikilia kama mtu anayetazama nyoka, ndipo akapokea.

"Fortu, mpenzi—"

"Wewe ni nani?"

"Mimi. Asheri."

"Asheri gani? Siku tuliyokutana nilivaa nini?"

"Ulivaa... ulivaa nguo."

Alikaribia kucheka. Hakuna mashine ingekuwa bwege kiasi hicho. "Sawa, ni wewe. Mama anasemaje?"

"Hasemi. Amejifungia, hali, anataka wanawake wenzake wasimwone. Ndugu wamewaka. Fortu, njoo umwombe radhi tu, yaishe."

"Radhi ya neno nililosema lini?"

"Najua hukusema."

Husna, anayemjua tangu wanasuka nywele pamoja, alikuwa na shaka. Soko zima lilikuwa na shaka. Huyu aliye mlimani hana shaka hata kidogo.

"Unajuaje, Asheri?"

Alisikia anavyohema. Kisha simu ikakatika.

Siku zilizofuata Fortunata alizima spika zake zote. Wauzaji walilalamika, akawaambia anaumwa koo. Hakuwa anadanganya sana. Alianza kuliogopa koo lake. Namba ngeni ilipopiga, alipokea akakaa kimya, akisikiliza kimya cha upande wa pili, na kuwaza: huyu amenyamaza ili nini? Ili niseme "halo" naye aichukue? Alinunua mkate kwa kuonyesha kidole. Jioni alizungumza peke yake, polepole, akisikiliza kama bado maneno yanatokea ndani.

Mama yake alipiga kutoka Lembeni. Walikuwa wameisikia hata huko.

"Shikamoo, Mama."

Hakuitikiwa. "Ni wewe, au ni kitu?"

"Mama!"

"Usiniite mama kwanza. Taja jina la mbuzi wetu aliyegongwa na treni."

Machozi yalimtoka. "Sikitu. Alikuwa na sikio moja jeusi. Ulimlilia kuliko ulivyomlilia mjomba."

"Marahaba, mwanangu," mama akasema. "Nisamehe. Sijui tena simu inaniletea nani."

Asheri alishuka Same siku ya gulio. Alisimama mlangoni mwa kibanda amevaa lile shati la buluu, amekonda, mikono ameiacha wazi mbele kama anayesubiri pingu.

"Ni mimi," alisema.

"Nimeona ni wewe. Kaa."

"Hapana. Namaanisha ni mimi niliyefanya."

Akaeleza amesimama, macho chini. Kamati ilikuwa imemwomba spika ya kuitia watu kazini. Yeye alikuwa na ujumbe wote wa Fortunata, ule wa kila asubuhi. Aliutia kwenye programu ya akili mnemba, ikajifunza koo lake kwa siku moja. Mwanzoni ilikuwa yake peke yake, ikimwambia lala salama akiwa mlimani. Kisha akaona sauti hiyo ni mali: mkwe mtarajiwa akiwaita watu kwenye maji, si ingekuwa heshima? Alitaka kumshangaza. Akaiambia programu itunge wito wenyewe kila jioni, wito wenye makali, na kamati ikawa inaiingizia majina ya nyumba zisizotoa mtu. Mguu wa Mama ulipomlaza, jina lake likaingia kama la mwingine yeyote.

"Mashine haikujua yeye ni nani kwako," alisema. "Ingejuaje? Sikuiambia. Sikufikiri."

"'Tangawizi yangu' pia uliitia humo?"

"Yote."

"Maneno niliyokunong'oneza nimefumba macho." Hakupaza sauti, alikuwa ameacha kupaza sauti. "Uliyachukua ukayatia kwenye spika juu ya mti, yakamtukana mama yako. Halafu ukanipigia simu niombe radhi. Ulijua, Asheri, na ulitaka niibebe aibu hiyo."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kukukosa."

"Mimi niliogopa ninaibiwa roho. Usiku nilikuwa nashika koo nione kama lipo." Alifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Umeizima?"

"Niliizima kwenye simu yangu. Baba mdogo Eliufoo ana kasha la kuiendeshea spika ofisini, na ufunguo anao yeye. Amekataa kuizima. Anasema tangu lianze kuita, mfereji haujawahi kuwa safi hivi. Watu wanakuja wakikimbia. Wanaogopa kutajwa."

Fortunata alitazama nje. Milima ilikuwa imevaa wingu hadi kiunoni. Mahali fulani ndani ya wingu hilo alikuwepo yeye mwingine, asiyelala, asiyeona haya.

"Twende," alisema. "Sasa hivi. Kabla hajasema tena."

Walipanda basi la Ndungu, mbuga upande mmoja na mlima upande wa pili, kisha bodaboda mbili zikawapandisha kwenye makona ya udongo mwekundu. Fortunata alikuwa amevaa lile gauni la manjano. Kila waliyempita alimwangalia mdomoni, si machoni, na mama mmoja aliyekuwa akichuma maharage alimvuta mwanawe nyuma ya nguo zake.

Sebuleni kwa Mama Asheri ndugu walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Mama alikaa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha, kanga ameivuta hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," alijibu akiutazama ukuta.

Katikati ya chumba palikuwa na kata ya maji yaliyochotwa kwenye ndiva. Baba mdogo Eliufoo, koti jeusi limefungwa vifungo vyote, alieleza desturi: aliyekosa hunywa, huomba radhi, humpa aliyekosewa, naye akinywa maneno yamekwisha.

"Binti, hatukuiti kukuaibisha. Kunywa, sema neno, tule makande."

Fortunata alifungua mdomo ajibu. Hakuwahi.

Nje, juu ya mti, jioni ikiingia, spika ilikwaruza. Mbwa wakaanza. "Wapendwa," ilisema sauti yake, tamu, kubwa, ikigonga mlima na kurudi. "Kesho ni msaragambo, msiniangushe."

Mtoto mmoja alianza kulia. Fortunata alikaa midomo imebanana, mikono mapajani, na wote wakaona: mdomo umefungwa hapa, sauti inatembea kule. Dorkas alijishika kichwa.

"Nyumba ile ile tena haikutoa mtu. Eliakunda, unajificha? Eliakunda—" Halafu ile pumzi. Halafu kicheko.

Asheri alitoka mbio. Walisikia miguu yake kwenye mawe, mlango wa ofisi ukipigwa teke, mti ukitikisika. Kicheko kilikatika katikati, kikaacha mlio mwembamba, kisha hata huo ukafa. Maji ya mfereji yakasikika tena.

Mama aliiondoa kanga usoni. Akanyanyuka kwa mkongojo, akaja pale alipokaa Fortunata, akamwekea kiganja kooni. Kilikuwa kikavu na chenye joto. Alikiacha hapo muda mrefu, kama anayesikiliza mtoto tumboni.

"Halikutikisika," alisema kwa wote. "Nilikuwa namtazama. Si yeye."

"Shemeji, hata kama," Baba mdogo alisema, ingawa naye jasho lilikuwa limemtoka. "Jina limetajwa kwa sauti yake. Mbwa akiuma, analipa mwenye mbwa. Aseme neno moja, heshima yako irudi."

"Mbwa huyo nilimfuga mimi?" Fortunata aliuliza. "Nilimlisha? Ufunguo wa banda lake uko mfukoni mwa nani, Baba mdogo?"

Mkono wa mzee ulienda kwenye mfuko wa koti kabla hajauzuia.

Asheri alirudi, waya umening'inia mkononi, kiganja kinavuja damu. Alipiga magoti mbele ya mama yake. "Mimi ndiye niliyekosa, Mama. Nilimwibia yeye, nikakuaibisha wewe. Naomba radhi." Akaichukua kata, akanywa, akampa. Kisha akamgeukia Fortunata bado amepiga magoti. "Nawe nisamehe. Sitakuiga kwa mashine tena, wala sitakuhifadhi popote. Nataka nizeeke nawe, na ukinyamaza, nyumba ikae kimya. Utanioa? Namaanisha... utakubali nikuoe?"

Hata kwenye hofu ile kuna mtu alicheka. Fortunata alimtazama sana yule bwege wake asiyekumbuka gauni la manjano hata lilipokuwa mbele yake.

"Nimekusamehe. Nitakubali," alisema. "Lakini yule mwingine hajafa, Asheri. Yumo kwenye simu za watu, hadi Lembeni. Kesho atasema lingine, nami nitakuwa nimelala."

"Ndiyo maana omba, mwanangu," Mama akanong'ona, kata mkononi, macho yake yakisihi. "Mimi nakuamini. Ni kwa ajili yao tu. Neno dogo, tuishi kwa amani."

Lilikuwa dogo kweli. Lilikuwa pale pale nyuma ya meno, jepesi, na wote walikuwa wakilingoja. Fortunata aliliona, na nyuma yake akaona mengine yakija kwa mstari usio na mwisho, kila neno ambalo kitu kile kitasema, na yeye akipiga magoti kila mlango.

"Pole, Mama," alisema. "Uliumizwa, nami nimeumia nawe. Pole hiyo ni yangu, imetoka hapa." Akagusa koo. "Radhi, hapana. Nikiiomba leo, nimekiri kuwa kile kitu ni mimi."

Mama Asheri alimtazama. Kisha, polepole, akainua kata, akanywa maji yote.

"Shemeji!" Baba mdogo aliruka. "Umekunywa na hajaomba!"

"Nilikuwa na kiu," Mama akasema.

Mzee alimgeukia Fortunata, na sasa sauti yake haikuwa na amri, ilikuwa na woga. "Binti. Nakuuliza mbele ya ndugu, kwa mara ya mwisho. Unaomba radhi, huombi?"

Kutoka bondeni, kwenye simu ya mtu fulani, ile pumzi ilisikika tena, ndogo, ya mbali. Fortunata aliisikiliza mpaka ikaisha. Kisha akafungua mdomo wake mwenyewe.

"Siombi."